Bi Mejumaa Faraj na Maswali ya Alhamisi

Ijumaa hii, tarehe 31 Julai 1998, Bi Mejumaa Faraj anastaafu baada ya miaka ishirini na saba na nusu ya kufundisha biolojia katika Chuo chetu cha Sayansi cha Kisiwani. Alizaliwa siku ya Ijumaa, ndipo akapewa jina hilo, na wenzake tulipoiona tarehe kwenye kalenda tulimtania kwamba ameichagua mwenyewe. Hakuichagua. Umri wake wa kustaafu ulikuwa bado miaka miwili, na lau mambo yangekwenda kama alivyopanga, angekuwa kwenye kibaraza cha maabara bado, akiwafokea vijana wa mwaka wa kwanza wanaoandika kwamba damu ya vena ni ya buluu.

Kamati ya hafla imenitaka mimi, Caroline Nyevu wa kemia, niandike wasifu huu kwa sababu maabara yangu imepakana na yake kwa miaka kumi na minne. Ukuta ulio kati yetu ni wa mbao. Mengi ya biolojia niyajuayo nimeyasikia kupitia ukuta huo.

Bi Mejumaa ni mzaliwa wa Kuze, Mji wa Kale. Baba yake, Mzee Faraj, alikuwa Mdigo aliyevuka maji kutoka Likoni akawa karani wa forodha, na hakumzuia binti yake kusoma ingawa majirani walimshangaa. Alikwenda Nairobi kusomea sayansi, akafuzu, akaahidiwa kazi huko huko. Aliikataa. Sababu aliyoitoa ni kwamba chai ya Nairobi haina iliki wala tangawizi, na kwamba mtu hawezi kufikiri juu ya chai kama ile. Alifika chuoni hapa Buxton Januari 1971, mwanamke pekee katika idara, akapewa mwaka wa kwanza kwa kuwa hakuna aliyewataka.

Kuna sababu ya kutowataka. Mwalimu wa mwaka wa kwanza hujibu maswali yale yale kila mwaka, na kila mwaka hupokea makosa yale yale. Kwa nini seli hunywea ikitiwa katika maji ya chumvi? Mti huutoa wapi uzito wake? Mimea hupumua usiku? Kwa nini ndugu wa tumbo moja hawafanani? Kirusi ni kiumbe hai au si hai? Wengi wetu tukishafundisha miaka mitano huanza kujibu huku tunatazama saa. Mwenzetu mmoja aliwahi kumuuliza kama hachoki kurudia jibu moja tangu enzi hizo. Bi Mejumaa alimjibu, "Mimi ndiye niliyelizoea swali. Yeye kaliona leo."

Basi akaanzisha kikao chake. Kila Alhamisi baada ya sala ya alasiri alikaa kwenye kibaraza cha maabara, na yeyote aliyekwama katika kazi ya nyumbani alikuja na swali lake. Darasani tunafundisha kwa Kiingereza, kama ilivyo kanuni. Kibarazani alitumia Kiswahili, tena kile cha Mji wa Kale, kwa hoja kwamba mtu asiyeweza kulieleza jambo kwa lugha anayoombea chumvi mezani hajalielewa bado. "Ndooni," angewaita, "ndooni na ujinga wenu, musiuwate nyumbani," yaani wasiuache huko.

Swali la chumvi alilijibu kwa embe bichi. Alinunua langoni, akalikata vipande, akavinyunyizia chumvi mwanzo wa kikao, akakiweka kisahani pembeni. Kikao kikiisha, kisahani kimejaa maji na vipande vimelegea. "Nani aliyemimina maji hapa?" angeuliza. Hakuna. "Basi yametoka wapi?" Hapo ndipo vijana walipoielewa osmosi, nao wakalila embe. Wa damu ya buluu aliwauliza ni nani kati yao aliyewahi kukatwa na kisu akatoka wino. Wanaoogopa kulala chini ya mti usiku, kwa kuwa kitabu kinasema mimea nayo hutoa hewa chafu, aliwaelekeza kwa mlinzi wetu, Mzee Kadenge. "Huyu analala chini ya mkungu ule miaka kumi sasa. Mwaona amepungua?" Mzee Kadenge yupo nasi leo na anaendelea kukanusha kwamba huwa analala.

Kisa kinachosimuliwa zaidi ni cha Dancan, kijana wa Makupa ambaye baba yake alikuwa na kibanda cha kuziba magurudumu ya malori. Bi Mejumaa alikuwa amewaambia kwamba sehemu kubwa ya uzito wa mti haitoki ardhini, hutoka hewani. Dancan alisimama.

"Mwalimu, hewa haina uzito."

"Nani aliyekwambia?"

"Si kila mtu anajua? Mti unakula udongo."

"Baba yako hujaza gurudumu la lori?"

"Kila siku."

"Nenda ukalipime kabla ya kujazwa. Kisha lijaze, ulipime tena. Uje uniambie."

Dancan alikwenda kwa wauza vyuma chakavu wenye mizani, akawasumbua mpaka wakamkubalia. Alhamisi iliyofuata alikuja na shati lililojaa grisi, akasimama mlangoni kama mtu aliyefiwa. "Imezidi kilo moja na ushei," alisema. Sasa Dancan ni mwalimu wa biolojia kule Voi, na ametuandikia kwamba hajawahi kuanza mwaka bila kulipeleka darasa lake kwa mziba magurudumu.

Ningependa wasifu uendelee hivi hadi mwisho. Hakika nilianza kuuandika kwa nia ya kuruka yaliyofuata, nikamwendea Bi Mejumaa kumweleza hivyo. Alitikisa kichwa. Ameniruhusu kuyaandika yote, na Nekesa, mwanafunzi wake ambaye mtamwona hapa, ameniruhusu pia.

Ilikuwa Alhamisi ya Juni mwaka 1995. Swali lilikuwa la Nekesa, binti wa fundi wa reli, aliyekuwa mwaka wa kwanza: kwa nini upande wa kushoto wa moyo una misuli minene kuliko wa kulia? Ni swali la kawaida, na Bi Mejumaa alikuwa na jibu lake la siku zote, kuhusu mchukuzi anayebeba mzigo mpaka ng'ambo na yule anayeupeleka nyumba ya pili. Alisimama akachukua chaki. "Kikapu hiki," alisema. Vijana wakacheka. Akaendelea, "Kikapu hiki kushoto kina... kina sahani..." Wakazidi kucheka, maana alikuwa mtu wa mizaha na walidhani anaelekea mahali. Nekesa naye alicheka. Kisha chaki ikamponyoka, naye akaitazama pale chini bila kuinama kuiokota, mkono wa kulia ukining'inia.

"Nyamazeni," Nekesa alisema. "Mwalimu hafanyi mzaha."

Nilisikia kicheko kikikatika, nikatoka. Tulimpakia katika gari langu, Nekesa akimshikilia kichwa kiti cha nyuma, na njia nzima Bi Mejumaa alikuwa akisema maneno ambayo kila moja lilikuwa neno halisi na hakuna lililokuwa mahali pake.

Kilikuwa kiharusi. Bonge la damu lilikuwa limeziba mshipa upande wa kushoto wa ubongo, pale ambapo maneno hutungwa. Mguu ulirudi baada ya wiki kadhaa. Mkono wa kulia haukurudi vyema. Maneno yalikwenda yote isipokuwa moja, na neno hilo lilikuwa "haya". Akitaka maji, haya. Akiumwa, haya. Mgeni akiingia, haya. Akili yake ilikuwa nzima. Alisikia kila tulichosema na alielewa kila kitu, pamoja na hali yake.

Mume wake, Bwana Abdulghafur, alikuwa fundi wa mitambo ya barafu kule Liwatoni. Aliacha kazi amuuguze. Ni mtu mpole asiyependa kusemwa, ila ameniambia jambo moja ambalo siwezi kuliacha. Asubuhi moja, wiki ya kwanza baada ya kutoka hospitalini, alikuwa jikoni akasikia sauti ya mkewe kutoka chumbani, imenyooka, ikisoma. Alikuwa kwenye msala, anasoma Alhamdu, aya baada ya aya, herufi zote mahali pake. Bwana Abdulghafur aliiacha sufuria motoni akasimama mlangoni mpaka sala ikaisha.

"Mejumaa, sauti imerudi! Sema nami. Sema chochote."

Alimgeukia. Midomo ilitafuta. "Haya," alisema, na machozi yakamtoka.

Daktari alieleza baadaye kwamba mambo yaliyohifadhiwa kwa moyo tangu utotoni, kama sala, nyimbo na kuhesabu, huwa na mahali pake pengine katika ubongo, na ugonjwa huu mara nyingi huyaacha. Bwana Abdulghafur alishukuru kwa maelezo. Tangu siku ile, akiisikia ile sauti ya sala, hutoka nje akakae barazani mpaka imalizike.

Chuoni mtu wa kushika nafasi yake hakupatikana kwa haraka. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza waliachiwa kitabu na orodha ya maswali, na mtihani ulikuwa Novemba. Mwishoni mwa Agosti Nekesa aliteremka Mji wa Kale na mkebe wa maziwa na sukari kilo mbili, akapanda ngazi ya nyumba ile ya Kuze.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kumjulia hali mwalimu wako? Karibu. Ila yeye hawezi kusema."

"Najua, baba. Sikuja anieleze. Nitaeleza mimi, yeye aniambie nikikosea."

Bwana Abdulghafur hakulipenda wazo hilo. Aliona ni kumtonesha mgonjwa kidonda. Alikuwa anatafuta namna ya kumrudisha binti wa watu bila kumvunja moyo, mara sauti ikatoka chumbani: "Haya! Haya!" Ilikuwa haya ya amri. Akampisha.

Nekesa alikaa kwenye mkeka na kuanza tangu mwanzo. Aliisoma hoja kwenye kitabu, akakifunga, akaieleza kwa maneno yake mwenyewe, kwa Kiswahili. Alipokosea, Bi Mejumaa aliinua kiganja cha kushoto, kama askari wa barabarani. Nekesa alirudi nyuma akaeleza upya. Kiganja kiliposhuka, alijua amepita. Siku ya kwanza walimaliza ukurasa mmoja na nusu. Kabla hajaondoka alipiga magoti, akasema jambo alilokuja nalo tangu nyumbani.

"Mwalimu, siku ile nilicheka. Nisamehe."

Bi Mejumaa alimwekea mkono kichwani. Akasema neno lake lile moja, polepole sana.

Ziara ya tatu ndiyo Nekesa anayoikumbuka zaidi. Kazi ya nyumbani ilikuwa juu ya seli na ukuaji, na swali lilikuwa hili: Kwa nini jeraha la ngozi hupona na kufunga, ilhali jeraha la ubongo halirudi kama lilivyokuwa? Bi Mejumaa alikuwa amelitoa swali hilo kwa kila darasa tangu 1971. Nekesa hakulisoma mapema. Alianza vizuri, akaeleza kwamba seli za ngozi hugawanyika kila siku, za zamani zikibanduka na mpya zikipanda. Kisha akafika kwenye nusu ya pili akaona inakokwenda. Aligeuza ukurasa.

Kiganja kikapanda.

"Mwalimu, tuliache hili. Si la lazima kwenye mtihani."

Kiganja hakikushuka.

"Mwalimu, tafadhali."

"Haya," alisema Bi Mejumaa, na akaugonga mkeka kwa kidole pale kitabu kilipokuwa.

Nekesa aliurudisha ukurasa. Anasema alilisema lile jibu huku anaitazama sakafu. "Seli za ubongo, mtu akishakuwa mkubwa, hazigawanyiki. Zikifa, hazizaliwi tena. Kilichopotea hapo..." Akashindwa. Bi Mejumaa alimngoja. "Kilichopotea hapo kimepotea."

Kiganja kilikuwa chini muda wote alipokuwa akijibu. Jibu lilikuwa sahihi. Nekesa akaanza kulia, na mwalimu wake akamwacha alie, ila alionekana hajaridhika, kama mtu ambaye mwanafunzi wake amemwachia jibu nusu. Alifumba macho. Uso ukaiva kwa jitihada. Bwana Abdulghafur, aliyekuwa mlangoni, alidhani ameshikwa tena.

"Ji," alisema. "Ji... ji-ra..."

Walimngoja.

"Jirani."

Hilo lilikuwa neno lake jipya la kwanza katika muda wa zaidi ya miezi miwili. Nekesa alihitaji dakika nzima kuelewa kwamba lile lilikuwa jibu la swali, kwamba seli iliyokufa hairudi lakini zilizo jirani nayo huweza, kwa taabu na kwa muda, kujifunza sehemu ya kazi yake. Alilirudia kwa sauti ili ahakikishe. Kiganja hakikuinuka.

Wiki zilizofuata alikuja na wenzake, wanne, kisha wanane, wakikaa mpaka kwenye ngazi. Mtihani wa Novemba walifaulu, si kwa alama za ajabu, lakini walifaulu. Nekesa sasa anasomea uuguzi na amepewa ruhusa ya siku mbili ili awe hapa.

Watu hupenda kusimulia hadithi hii na kuikomesha hapo. Haikukoma hapo.

Januari 1996 Bi Mejumaa alirudi kazini. Maneno kama mia yalikuwa yamerejea, hayaji yakiitwa, ila yalikuwepo. Alimwambia mkuu wa chuo, Bwana Lennox Ngala, kwa kukionyesha chumba cha darasa kwa kidole, kwamba anataka kufundisha. Bwana Lennox hakuwa na moyo wa kumkatalia. Niliketi upande wangu wa ukuta wa mbao, nikasikia vijana wapya wakiingia, viti vikiburutwa, kisha kimya. Alikuwa anajaribu kusema "seli". Neno dogo kama hilo. Nilimsikia akilianza mara nyingi, kila mara likimtoka neno jingine, "siri", "sili", "meli". Vijana wale hawakumjua. Hakuna aliyecheka, na nadhani kimya chao kilimuumiza kuliko kicheko. Baadaye chaki iliwekwa mezani taratibu na mlango ukafunguliwa.

Alikuja kukaa kwangu. Nilimchemshia chai kwenye kichomeo cha maabara, jambo tunalowakataza wanafunzi. Alikishika kikombe kwa mkono wa kushoto, asikinywe.

"Bi Mejumaa," nilimwambia, "pumzika. Hakuna atakayekulaumu."

"Niki... pumzika," alisema, akahangaika, akajionyesha kifua kwa kidole. "Nani?"

Niliimwaga chai iliyopoa, nikamchemshia nyingine.

Hakufundisha darasani tena. Alisahihisha kazi za wanafunzi kwa mkono wa kushoto, kwa alama za vema na kosa alizojifunza kuziandika upya kama mtoto wa chekechea, na alikiendesha kikao cha Alhamisi kwa mtindo ule wa Kuze. Mwanafunzi alieleza, kiganja kilihukumu. Wako walimu waliokuja kutazama na kusema kwamba mtindo huu ni bora kuliko wa zamani, maana unamlazimisha mwanafunzi afikiri. Huenda ni kweli. Bi Mejumaa alisikia sifa hizo kwa adabu, na zilipoisha alikwenda zake. Alichokipenda yeye kilikuwa kusema. Tuliokaa naye tuliona mara ngapi mzaha ulimjia, macho yakachangamka, mdomo ukafunguka, vijana wakatulia wamngoje. Na wakati anapambana na neno la kwanza, mzaha ukafa. Mzaha haungoji. Akatikisa mkono kuwaashiria waendelee.

Hata hivyo kulikuwa na siku njema. Kuna siku alisema "klorofili" bila kukwama, kisha akashindwa kusema "jani", tukacheka naye mpaka machozi. Jina la mumewe lilichukua mwaka mzima kurudi. Bwana Abdulghafur hakulalamika. "Hata zamani hakuwa akiniita jina," alituambia. "Mke wa Mji wa Kale humwita mumewe kwa jina?" Lakini lilipotoka, siku ya Idi, alitupigia simu sisi wote mmoja mmoja.

Mwaka huu, mwezi wa Machi, mambo yalianza kurudi nyuma. Daktari alisema kuna viharusi vidogo ambavyo hupita bila mtu kujua. Sisi tuliona tu kwamba anachoka mapema na anapenda kukaa karibu na ukuta. Kisha ikaja Alhamisi ya mwezi wa Mei. Benard, kijana hodari wa mwaka wa kwanza, alikuwa anaeleza mishipa ya damu. Alisema ateri zote hubeba damu yenye oksijeni. Kosa hilo ni kuukuu. Kila darasa hulifanya, na kila darasa Bi Mejumaa alikuwa analisubiri, huku ameanza kutabasamu kabla halijafika.

Mkono wake ulikuwa mapajani. Haukuinuka.

Benard aliendelea sentensi mbili tatu, akapunguza mwendo, akanyamaza. Wenzake walitazamana. Wote walikuwa wamelijua kosa. Walikuwa wanamngoja yeye, na wengine walidhani labda wamekosea wao. Mwishowe Purity, msichana mkimya anayekaa nyuma, alisema kwa sauti ya chini, "Isipokuwa ile iendayo mapafuni."

Bi Mejumaa alimtazama Purity. Alimtazama Benard. Kisha aliushusha uso akautazama mkono wake wa kushoto, na wote waliokuwepo wanasema walijua wakati huo huo kwamba ameelewa.

Hakuondoka. Alikaa mpaka kikao kikaisha, akawapa mkono mmoja mmoja, jambo ambalo hakuwa na desturi ya kulifanya. Asubuhi yake alikuja na Bwana Abdulghafur ofisini kwa mkuu wa chuo. Bwana Lennox anasema alimpa kiti, akamuuliza kama anataka likizo. Bi Mejumaa alisema, "Basi." Alimuuliza kama ni basi ya likizo au basi ya kazi. Alisema, "Yote." Purity alilia wiki nzima akidhani yeye ndiye aliyemstaafisha mwalimu wake, mpaka Bi Mejumaa akaletwa chuoni makusudi, akamshika mashavu mbele ya darasa, akasema, "Sawa. Umesema sawa."

Wiki tatu zilizopita kamati ilinituma Kuze, mimi na Bwana Lennox, kumuuliza angependa zawadi gani. Tulimtajia saa ya ukutani. Tulimtajia feni ya kusimama, seti ya vikombe vya kaure, kiti cha kupumzikia. Alikuwa akitusikiliza, akitabasamu. Bwana Abdulghafur alileta kahawa na kashata, akakaa karibu naye. Bwana Lennox alimwambia, "Bi Mejumaa, usione haya. Chuo kimekwambia taja chochote."

Alifikiri sana. Tulidhani ametusahau. Hatimaye alisema, wazi, bila kukwama hata herufi moja:

"Darasa."

Hatukuwa nalo la kumpa. Bwana Lennox alikitazama kikombe chake cha kahawa. Mimi nilimshika mkono, ule wa kulia ambao hauhisi vizuri, na nadhani hakujua kwamba nimeushika. Tumenunua kile kiti.

Sisi tuliowaalika leo tuna ombi moja kwenu. Mtakapomwamkia Bi Mejumaa, msimmalizie maneno. Mkimuuliza hali, ngojeni hapo hapo mpaka ajibu, hata foleni ikiwa ndefu nyuma yenu, na akikosa jibu, kaeni naye kidogo. Hatatoa hotuba. Ameomba hafla imalizike mapema kwa sababu mwaka wa kwanza wana mtihani Jumatatu, nasi tumeahidi kutii.

Bi Mejumaa, idara yako inakushukuru. Wako wauguzi, matabibu, walimu na maafisa wa kilimo wengi kuanzia Kwale mpaka Lamu waliokuja kwako hawajui kwa nini moyo una pande mbili, wakaondoka wanajua. Bwana Abdulghafur, nawe tunakushukuru. Mola akulipe kwa yale ambayo hakuna aliyekuona ukiyafanya. Tunawaombea afya, riziki na nyumba yenye watu. Siku zako za kupumzika ziwe tulivu, mwalimu wetu, na kila atakayepanda ngazi ya nyumba yako apande akiwa na muda wa kutosha wa kukusikiliza.

Caroline Nyevu
Kwa niaba ya Idara ya Sayansi